Tone Lililoelea

Jumapili hiyo Ndindi alifika kanisani mapema kama kawaida yake, akapita mlango wa nyuma, akakunja mikono ya blauzi, na kukuta vikombe vya meza ya Bwana vimekwisha kuoshwa. Vilikuwa vimepangwa kwenye sinia, vimefunikwa kwa kitambaa cheupe ambacho yeye mwenyewe alikitarizi. Jecinta, mwenyekiti wa kina mama, alikuwa amesimama kando ya sinki akijipangusa mikono polepole, na ilionekana wazi kwamba alikuwa akimngoja.

"Mama Wanza, umeamka salama?"

"Salama, Mwenyekiti. Naona leo mmenitangulia."

"Tumeona upumzike kidogo. Siku hizi umechoka."

"Sijachoka kuosha vikombe."

Jecinta alimtazama mdomo. Hakumtazama macho, alimtazama mdomo, na Ndindi akajua. Midomo yake ilikuwa na madoa meusi, madogo kama mbegu za mchicha, na alikuwa nayo tangu akiwa mtoto kule Ukambani. Lakini hapa Buruburu, mtu mzima mwenye midomo ya namna hiyo husomwa upesi: huyo amechomwa na pombe ya chang'aa. Hakuna anayeuliza. Kuuliza ni kazi, na kunong'ona hakuna gharama.

"Si mimi niliyeamua, ni wazee," Jecinta akasema. "Watu wanaongea, na wewe unajua hivi ni vitu vitakatifu. Nenda ukaketi. Tutaongea baadaye."

Ndindi akashusha mikono ya blauzi. Ndani ya mkoba wake mlikuwa na mchele mbichi uliofungwa kwenye karatasi. Akachukua punje chache akatafuna, maana siku hizo hicho ndicho kilichokuwa kikimtuliza. Kanisa lenyewe lilitumia maji ya zabibu yasiyoweza kulevya hata kuku, lakini mwanamke asiyejua ladha ya bia ndiye aliyeonekana hatari kwa vikombe.

Katika wimbo wa pili alisimama na wenzake. Ukuta wa mbele ukaanza kusogea. Akashika benchi, akaimba mstari mmoja zaidi kwa ukaidi tu, kisha akaanguka katikati ya viti na kitabu chake cha nyimbo kikaruka hadi miguuni mwa mzee wa kanisa. Wanaume wawili walimbeba hadi chumba cha watoto wa Sunday school, wakamlaza kwenye mkeka chini ya mchoro wa Nuhu na wanyama wake. Alisikia sauti ya Jecinta mlangoni.

"Fungueni dirisha apate hewa. Na mleteeni kahawa. Iwe kali, msitie sukari."

Kahawa ile ya kumtoa mtu pombe ilimuumiza kuliko kuanguka. Wangemletea maji, angejua wanamdhania mgonjwa. Alilala pale akiwasikiliza wenzake wakimaliza ibada, na hakuna aliyeingia kumwuliza anaumwa wapi. Hata mtoto mmoja aliyechungulia alivutwa mkono.

* * *

Mumewe, Musau, ndiye aliyeitwa kuja kumchukua. Alikuwa dereva wa lori katika kiwanda kimoja cha Baba Dogo, mtu wa maneno machache. Walitembea hadi kwenye nyumba yao, vyumba viwili vilivyojengwa nyuma ya nyumba ya mwenye ploti, akamkalisha kwenye kochi na kwenda kuchemsha chai. Kupitia mwanya wa pazia Ndindi alimwona akiinua kikombe alichonywea yeye asubuhi, kile ambacho hakikuwa kimeoshwa, akakileta puani.

"Umenusa nini, Baba Wanza?"

"Naangalia kama maziwa yameharibika."

"Kikombe kile kilikuwa na chai ya rangi."

Musau akakitia kwenye karai. "Mama Wanza, mimi sijasema kitu. Lakini unayumba, unaanguka, unalala kabla ya taarifa ya habari. Nifikirie nini?"

"Ufikirie sina damu. Kliniki walisema sina damu, wakanipa vidonge."

"Tangu mwaka jana unameza vidonge. Mbona hupati nafuu?"

"Vinafanya kazi. Walisema choo kitakuwa cheusi, nisiogope. Na ni cheusi."

Kusikia choo kikitajwa, Musau akageukia sufuria. Akamletea chai, akaketi mbali kuliko ilivyohitajika katika nyumba ndogo kama ile.

Jioni Wanza aliingia kutoka salon alikokuwa akisuka watu nywele. Alikuwa binti yao wa pekee, amekwisha maliza shule, mwembamba, na midomo yake ilikuwa imepakwa lipstick ya zambarau iliyokolea, ile ambayo Ndindi hakuweza kuitazama bila kufikiria mwanamume fulani mahali fulani.

"Sasa, Dad," akasema. Kwa mama yake alipunguza sauti. "Mum, nimeskia ulianguka. Uko sawa?"

"Niko sawa. Wewe umekula?"

"Siskii njaa."

"Asubuhi nimekusikia ukitapika."

"Ni acidity."

"Acidity gani hiyo isiyoisha?"

Wanza akaweka mkoba chini. "Mum, sema tu kile unataka kusema."

"Niseme nini? Yale mawe unayotafuna yamekwisha sema."

Mawe hayo Ndindi aliyakuta mfukoni mwa suruali ya jinzi alipokuwa akifua: odowa, yale mawe laini ya udongo ambayo waja wazito hununua sokoni na kutafuna kisirisiri. Tangu siku hiyo alikuwa akihesabu miezi moyoni, akichungulia tumbo la binti yake, akingoja aambiwe. Alikuwa amekwisha mwambia Musau. Aliyekuwa hajaulizwa ni Wanza peke yake.

"Sawa," Wanza akasema. "Mawe yangu yamesema. Na mdomo wako nao umesema, si ndio? Si hivyo ndio wanasema huko kwenu kanisani?"

Musau alitoka nje kuangalia kama maji ya mfereji yamerudi, ingawa alijua kwamba siku ile haikuwa zamu ya mtaa wao. Wanza akaingia chumbani, akafunga mlango taratibu. Ndindi akabaki kwenye kochi na chai iliyopoa. Alikuwa na mume nje na mtoto ndani, na hakuwa amewahi kujisikia mpweke namna ile.

* * *

Asubuhi Wanza aliikuta chooni miguu ya mama yake imeziba mlango. Akausukuma kwa bega, akapenya. Ndindi alikuwa ameegemea ukuta, uso umekuwa rangi ya jivu, ndoo ya maji ya kumwagia bado imejaa kando yake. Alianguka kabla ya kumwaga.

Wanza alitazama ndani ya choo. Kilichokuwamo kilikuwa cheusi, kizito, kinanata kama lami mbichi, na harufu yake haikuwa ya choo cha kawaida. Alitazama kwa muda mrefu kuliko mtu mwenye kinyaa.

"Mum, imekuwa hivi tangu lini?"

"Ni vidonge," Ndindi akanong'ona. "Walisema."

"Zii. Hii si vidonge."

"Wewe unajuaje?"

Wanza aliinua ndoo. Alimwaga maji, akapiga kelele akimwita baba yake, na kabla Musau hajafika akajifuta mdomo kwa kiganja, kisha akatoa lipstick mfukoni akajipaka tena.

* * *

Katika hospitali ya serikali walikompeleka, wagonjwa wa wodi ile walilala wawili wawili, kichwa cha huyu miguuni mwa yule. Ndindi alipangiwa kitanda na bibi mmoja wa kikohozi, ambaye baadaye aliruhusiwa kwenda nyumbani, Ndindi akabaki na nafasi. Muuguzi wa zamu ya mchana alikuwa na sheria yake aliyoitangaza kila saa ya wageni ilipofika: "Kitanda ni cha wagonjwa. Wageni ni kusimama."

Wageni walikuja. Kitanda cha kushoto kilizungukwa na kikundi kizima cha maombi, wenye chupa za chai na wimbo. Cha kulia kililetewa samaki. Kwenye kitanda cha Ndindi hakuja mtu kutoka kanisani. Musau alikuja akitoka kazini, Wanza alileta uji, akauweka, akauliza kama umemtosha, akaondoka upesi. Ndindi alijifunza kufumba macho wageni wanapoingia, ili aonekane amelala, si aliyeachwa.

Madaktari walimwingiza kamera kwa juu kupitia kooni, hawakuona kidonda. Wakamwingiza kwa chini, hawakuona kitu. Daktari Nyawira, msichana mdogo mwenye viatu vya raba, alikuja na picha za mashine, akavuta stuli.

"Mama, kamera ya juu inafika tumboni na kupita kidogo. Ya chini inapanda utumbo mpana. Katikati kuna utumbo mwembamba, mrefu sana, na huko kamera zetu hazifiki. Huko ndiko unakovujia damu. Picha inaonyesha vinyama vimeota ndani yake, vimesimama kwa vikonyo kama uyoga. Chakula kikipita kinavikwaruza, vinavuja. Kidogo kidogo, kila siku."

"Na choo cheusi?"

"Hiyo ni damu iliyokaa tumboni. Vidonge navyo huleta weusi, ndiyo maana hukushtuka." Akatoa kurunzi ndogo. "Fungua mdomo."

Ndindi akaufunga. "Daktari, mimi si mlevi."

"Nani ametaja pombe?"

Swali hilo dogo lilimliza. Alilia mdomo ukiwa wazi, na daktari akasubiri kwanza, kisha akamulika ndani ya mashavu, akaona madoa mengine huko ambako hakuna chang'aa inayochoma.

"Ulizaliwa katika ukoo wenye kitu hiki," akasema. "Madoa haya na vinyama vile vinatembea pamoja. Kwenu nani mwingine alikuwa na midomo hii?"

"Baba."

Matheka, baba yake, alikuwa mchonga vinyago. Alikuwa akichonga huku amebana tumbo kwa goti, na mwishoni alikuwa akienda choo cha damu. Kijiji kizima kilisema ni pombe. Mama yake Ndindi alikataa mlevi kula mezani, kwa hiyo mzee alikula nje, kwenye kigoda chake, katikati ya mabaki ya mbao. Ndindi ndiye aliyempelekea sahani. Aliiweka chini na kurudi ndani bila kusema neno, kwa maana hivyo ndivyo alivyofundishwa.

"Na watoto wako?"

"Ninaye mmoja. Alikuwa nayo kidogo akiwa mchanga. Yalikwisha."

"Yanaweza kufifia na ugonjwa ukabaki. Ana shida yoyote? Uchovu? Tumbo?"

Ndindi alifikiria matapishi ya asubuhi, na mawe, na kitanda cha jirani chenye masikio. Binti ambaye hajaolewa. Aibu moja ilikuwa imetosha.

"Yuko sawa," akasema.

Daktari alisimama. "Lazima tukupasue tuvitoe, na haraka, kabla utumbo haujajikunja. Lakini kwa damu uliyo nayo hutaamka mezani. Tutaanza kukuongezea leo. Wewe tafuta watu watatu waje watoe, turudishe benki ya damu. Si lazima ifanane na yako. Hata wa kanisani."

* * *

Musau aliandika kwenye kundi la kanisa la WhatsApp, kwa kidole kimoja, akisoma kila neno kabla ya kutuma. Majibu yalikuja mengi. Amina. Tunamwombea. Mungu ni mwaminifu. Mikono iliyounganishwa, mishumaa, njiwa. Hakuna aliyeuliza damu inatolewa wapi.

Jumatano akaenda mwenyewe kwenye maombi ya kina mama, akiwa na koti lake la kazi. Jecinta alimpokea nje.

"Baba Wanza, tunaomba kila siku, usidhani tumenyamaza."

"Nashukuru. Nimekuja kuomba watu wawili tu, wa tatu ni mimi. Kutoa hakuchukui muda."

"Watu wanaogopa." Jecinta akashusha sauti, na kusema kweli alikuwa akimhurumia. "Utaniwia radhi. Wanasema kama ni kile kitu kimemchoma ndani, akipona si atarudia? Damu ya mtu si maji."

"Daktari amesema ni ugonjwa wa kurithi."

"Hata hicho kitu hurithiwa."

Musau alitaka kumfokea, akakumbuka kikombe alichokinusa, akaacha. Alifunga vifungo vya koti na kuondoka. Kesho yake kiwandani alimweleza dereva mwenzake, Sylvance, mtu wa baa ambaye Ndindi hakupenda hata kumsikia akitajwa. Sylvance hakungoja amalize.

"Si ungesema mapema, mzee? Twende. Na leo sijagusa kitu."

"Wa tatu ni Wanza," Musau akasema. "Amekubali mwenyewe."

* * *

Chumba cha kutolea damu kilikuwa mwisho wa korido. Githinji, fundi wa maabara, aliwachoma vidole mmoja mmoja na kuangusha tone la kila mtu ndani ya kichupa cha maji ya buluu. Aliwaeleza kwa uvivu wa mtu aliyesema hivyo maisha yake yote: tone likizama, damu inatosha, likielea, haitoshi.

La Musau lilizama. La Sylvance lilikwenda chini moja kwa moja kama msumari.

"Hiyo ni nguvu ya samaki wa omena," Sylvance akasema, akampiga Musau bega. "Damu ya kanisa ingeelea."

Wanza akatoa kidole. Tone lake likagusa maji, likatetemeka, likakaa juu. Githinji akainamia kichupa. Akachukua kingine, akachoma kidole cha mkono wa pili. Tone hilo nalo lilielea, dogo na jekundu hafifu, likakataa katakata kushuka.

"Dada, wewe huwezi kutoa," Githinji akasema, na uvivu ulikuwa umemtoka. "Wewe ndiwe wa kuongezewa. Una mimba?"

Musau aliangalia sakafu.

"Sina. Ni Mum ndio anadhani."

"Unatamani vitu visivyoliwa? Barafu, udongo?"

"Mawe."

"Mtu akiishiwa damu hutamani vitu vya ajabu. Mawe, udongo, hata mchele mbichi. Si lazima iwe mimba." Akavuta kiti. "Choo chako kina rangi gani?"

Wanza alimtazama baba yake, kisha akatazama ukuta. Musau akatoka nje bila kuambiwa. Kule kwenye korido aliweka paji la uso kwenye ukuta wa baridi, na Sylvance, ambaye hakuelewa kitu, akasimama kando yake akimpigia simu Wanyonyi, mwenzake wa baa, ili aje awe mtu wa tatu. "Njoo sasa hivi kabla hujaanza," alikuwa akisema. "Nakuomba, ndugu yangu. Leo tu, ngoja kidogo."

* * *

Ndindi alikuwa amelala na mfuko wa damu ukining'inia juu yake alipomwona Wanza akija, pamba kwenye kidole cha kila mkono. Safari hii hakuwa na uji, na hakuwa na haraka.

"Umetoa?"

"Wamenikataa."

Ndindi akafumba macho. "Kwa sababu ya mimba."

"Mum. Sina mimba. Sijawahi kuwa na mimba. Sina damu." Sauti yake ilikuwa ikipanda, akaishusha kwa sababu ya wageni wa jirani. "Wamesema mtu asiye na damu ndio hutafuna mawe. Ama udongo. Ama mchele mbichi."

Chini ya mto wa Ndindi kulikuwa na karatasi iliyokunjwa, ndani yake mchele mbichi uliobaki. Mkono wake ulikwenda pale wenyewe, ukaishika, ukabaki hapo.

"Choo yangu ni nyeusi kama yako," Wanza akasema. "Na mimi simezi tembe yoyote."

"Tangu lini?"

"Kabla ya Krismasi."

"Choo ni kimoja, nyumba ni moja! Mbona hukuniambia?"

"Ungeniuliza mimba ni ya nani."

Ndindi alijua kwamba ni kweli. Alimtazama binti yake kama alivyopaswa kumtazama tangu mwanzo, si tumboni, bali usoni. Kisha akachovya pembe ya leso kwenye kikombe cha maji, akamvuta karibu kwa mkono usiokuwa na sindano, akaanza kumfuta midomo. Wanza alijitoa mara ya kwanza. Mara ya pili akatulia, akafumba macho kama alivyokuwa akifanya akioshwa uso kabla ya kwenda shule. Zambarau ikahamia kwenye leso, na chini yake madoa yakaonekana moja baada ya jingine, madogo kama mbegu za mchicha.

"Nilidhani yalikwisha."

"Yalififia tu. Nikaona venye watu wanakuangalia, nikanunua lipstick."

Ndindi alilia. Alimlilia mzee Matheka aliyekula peke yake kwenye kigoda, akajililia mwenyewe na vikombe vyake, lakini zaidi alimlilia mtoto huyu aliyekuwa akivuja damu nyuma ya ukuta mmoja naye, huku yeye akikagua tumbo lake kama mwenyekiti wa kina mama. Akasogea hadi ukingoni mwa kitanda, akapiga shuka kwa kiganja.

"Panda."

"Mum, watanigombeza."

"Panda, nimesema. Umesimama siku nyingi."

Wanza akavua viatu, akapanda, akalaza kichwa begani mwa mama yake upande ambao haukuwa na mpira wa damu. Alikuwa mwepesi mno, na Ndindi akashangaa jinsi ambavyo hakuwa amejua. Muuguzi wa zamu aliwaona kutoka mbali, akaja na sheria yake.

"Mama, tulisemaje? Kitanda ni cha wagonjwa. Huyo mgeni ashuke."

"Mwite Daktari Nyawira, sista," Ndindi akasema, na hakuuachia mkono aliokuwa ameushika. "Mwambie nilimdanganya. Huyu si mgeni. Naye ni mgonjwa."